Kamba Nyekundu

Marehemu baba akihesabu mizani kwa vidole,
nane kwa nane, hata akiwa anakula.
Mimi siku hizi nahesabu ngazi:
kumi na tatu, toka jikoni hadi kitandani,
idadi isiyogawanyika kwa chochote
ila kwa goti langu la kushoto.

Nasriya amekuja na kijitabu.
Karatasi inang'aa. Wazee wa pichani wana meno yote.
"Mama, ni watu wa rika lako watupu,
hapa hapa Bolton, kilipokuwa kiwanda cha pamba.
Lifti ipo, bustani ipo, joto mpaka mwezi wa tano,
na bomba likipasuka si shauri lako."
Kweli. Februari lilipasuka,
nikalala na koti, soksi juu ya soksi, na hasira.

Anaendelea kupakia sahani yake ya mizani:
muuguzi, mazoezi ya viti,
mtu wa kukuuliza umeamkaje.
Hilo la mwisho zito, silikatai.
Jumanne nzima iliyopita
sauti pekee iliyonitaja kwa jina
ni mashine ya zahanati,
nayo Mwanatumu ilimshindwa.

Sahani ya pili naipakia mwenyewe, kimya.
Chakula cha jioni saa kumi na moja, jua lingalipo:
viazi, njegere, na kitu cheupe.
Nikikaanga dagaa, king'ora kitaita wazimamoto.
Mjukuu akija kulala, mwisho siku mbili,
na jina lake liandikwe mlangoni.
Kando ya lifti, meza ndogo:
picha ya aliyekufa, mshumaa wa betri.
Wiki ikiisha meza inafutwa,
inangoja.

Haya hayamo kijitabuni. Nayajua
kwa kuwa miaka ishirini na miwili, zamu ya usiku,
nilizisukuma korido hizo kwa mgongo huu.
Bwana Entwistle alikata roho mkono wake mkononi mwangu,
akiuliza timu imefungwa ngapi.
Nikamdanganya: tumeshinda.
Nyumbani kwangu, usiku kama ule,
nani atanidanganya?

Na Bi Ogden. Sijawahi kumsimulia mtu.
Kila choo kina kamba nyekundu ya kuitia msaada,
sharti ifike sakafuni.
Mimi nikiifunga juu, fundo zuri,
isilowane nikipiga deki.
Alianguka saa nane za usiku.
Kamba ilimpita mkono kwa shibiri moja.
Nilimkuta alfajiri, baridi kama marumaru aliyolalia,
hai, akiniomba radhi
kwa kunisumbua.

Jumamosi tukaenda kupatazama.
Msimamizi, Callum, kijana mpole wa masikio mekundu,
akatuonyesha saluni, meza ya biliadi,
samaki wawili ndani ya kioo.
Nyumba njema si mlango, nikajisemea,
nikaomba kwenda msalani.

Ilikuwa juu. Imefungwa.
Fundo safi, la mtu mwenye haraka
na moyo usio na ubaya,
karibu niitambue mikono.
Nikalifungua kwa kucha, taratibu,
kamba ikateremka mpaka chini, ikatulia.
Kesho atapita na ndoo yake,
ataifunga tena.

"Umepapenda?" Nasriya ndani ya gari,
mvua ikifuta barabara.
Nikasema pana joto.
Akashusha pumzi, nikaisikia,
mtoto wa watu, naye amechoka
kulala na simu chini ya mto.

Usiku napanda. Ngazi ya nane napumzika,
pale baba angefunga kipande.
Zimebaki tano, hazina kina.
Jumatatu nitampigia Callum.
Kodi sitaiuliza, wala bustani.
Nitauliza anayepiga deki usiku ni nani,
anaitwaje,
na kama kuna mtu aliyewahi kumwambia.