Nukta Iliyobaki

Zamu ya kwanza nililiachia chujio.
Nukta elfu arobaini za kina, toka Kayenze hadi kisiwa cha Juma:
dakika nne, limefyeka dagaa waliopita chini ya boti,
limefyeka mapovu ya injini,
sakafu ya ziwa ikabaki laini kama shuka la gesti.

Laini mno.
Mwanza hii, ambako hata choo chetu kimelikwepa jiwe,
ziwa limetoa wapi adabu?

Nikashika kipanya. Mstari wa kumi na saba,
mwiba mmoja. Chujio liliuita kelele.
Daftari la Magesa, penseli iliyolowa: *hapa tumekwaruza.*
Nikaurudisha.

Kisha nikanogewa. Kufika saa tisa usiku
nilikuwa nawapa samaki vyeo vya miamba.

Nikanawa uso, nikaanza upya:
ungo upete, vidole vichambue.
Mama alinifunza mchele: mawe, tupa.
Hapa mawe ndiyo niyatakayo.

Alfajiri imebaki nukta moja,
sangara au mwamba, sijui.
Sikuifuta, sikuichora.
Nimeizungushia mduara mwekundu:
Magesa, kesho nenda na kamba na timazi.