Masijala, Tukuyu

Naiuliza kompyuta: L97, kidonda cha mguu.
Inanipa watu kumi na mmoja.
Nje, mvua ya Rungwe haijakata tangu Jumatatu
na kwenye benchi nahesabu kumi na tisa,
miguu imefungwa vipande vya khanga.

Namtafuta Atupakisye, mchuma chai wa Katumba.
Mwaka juzi aliandikwa sukari.
Mwaka jana, presha.
Machi, "mengineyo".
Kidonda kimoja, miaka sita, majina matatu,
na hakuna hata moja linalotaja mguu.

Nafungua daftari la bandeji,
lile la Sista Tusekile, lenye madoa ya iodini.
Yumo. Kila Alhamisi.

Naongeza mmoja: kumi na wawili.
Mlango unabishwa. Anauliza kama avue viatu.

Amevaa kimoja tu.