Ishara Haikupatikana

Saa kumi alfajiri, Brno, theluji imelala juu ya nyaya za tramu,
na vibao vya vituo arobaini na vitatu
vimezimika kwa mpigo, vyeusi kama kitako cha sufuria.
Bohumír wa zamu ananipigia:
"Radmila, amka. Watu hawajui ipi inakuja."
Kwenye skrini, mstari mmoja tu:
ishara haikupatikana.

Programu yangu ilikuwa nyepesi, nilijisifu nayo.
Haikubeba kalenda, haikubeba herufi zenye vikofia;
ilibeba majina tu, na kando ya kila jina, ahadi: tutakutana huko.
Ikiamshwa hupiga hodi kwenye maktaba ya pamoja,
hukaribishwa, huchota, huondoka.
Ya tiketi nayo huchota humo humo,
na ya karakana, na ya mishahara ya madereva.
Chungu kimoja, miiko kumi na saba.

Usiku ule mtu fulani
(simjui, yuko mbali, ana nia njema)
alifagia maktaba, akaona jina moja limechakaa,
akabadili herufi mbili.
Programu yangu ikabisha kwa jina la jana.
Mwenye nyumba akajibu: huyo hakai hapa.

Mtegemea cha nduguye.
Unajua inavyomalizika.

Nikakaa jikoni, kompyuta mapajani, soksi mguu mmoja,
nikaamua: basi, nitabeba changu.
Nikakiambia kiunganishi, usiniandikie jina, niletee mwenyewe.
Kata kwenye maktaba kipande ninachokihitaji,
kishone ndani ya mwili wa programu,
mshono usionekane.
Faili lililokuwa kilobaiti mia mbili
likatoka na megabaiti kumi na moja,
limefura kama abiria aliyevaa makoti yake yote
ili asilipie begi.
Saa kumi na moja na robo vibao vikawaka.
Nambari nne, dakika tatu.
Nambari tisa, inaingia.
Bohumír akasema ahsante, mimi nikalala.

Mama yangu, huko Znojmo, ni wa madhehebu hayo.
Ana unga wa mwaka mzima, mishumaa,
matango ya siki chupa sitini na kitu.
Haazimi hata chumvi.
Jirani akihama, yeye anajua kwa kuona pazia jipya.
Nilidhani niliikimbia nyumba ile nikiwa na miaka kumi na tisa.
Kumbe nimetembea nayo, imeunganishwa ndani.

Aprili, yule yule wa mbali akagundua ufa katika maktaba:
tarehe moja ikiandikwa kwa hila, mgeni anaingia bila hodi.
Akauziba. Akatangaza.
Ya tiketi ililala mgonjwa ikaamka mzima,
wala haikujua kama iliugua.
Ya karakana, ya mishahara, vivyo hivyo.
Yangu peke yake iliendelea kutembea na ufa wake wa Januari,
umeshonewa ndani vizuri, kwa uzi wangu mwenyewe,
mahali ambapo dawa ya wote haifiki.

Siku mbili nilijenga upya. Sikumwambia mtu.

Ukiniuliza leo, sina mahubiri.
Vingine navibeba. Vingine naazima,
na kila ninachoazima nakiandikia toleo lake pembeni,
kama mwenye duka anavyoandika madeni.

Jumapili mama alipiga simu: sukari imemwishia,
duka limefungwa, keki imekwama nusu.
Nikamuuliza, mlango wa pili anakaa nani?
Akanyamaza. Miaka kumi na minne wanagawana ukuta.
"Lipo kwenye kengele, Mama. Nenda kasome."
Aliiweka simu mezani bila kuikata.
Nikasikia malapa yakiburuta ukumbini,
mlango, kimya cha ngazi,
kisha sauti yake, kwa mbali,
ikilisoma jina la mtu
herufi kwa herufi.