Lita Elfu Kumi

Tangu saa tisa na robo nimekaa Magomeni Mapipa,
lita elfu kumi mgongoni,
na mbele yangu mto.
Si ule wa ramani. Wa ramani ni uzi,
mtoto anauruka akikimbilia mpira.
Huu ni Msimbazi uliokumbuka kwao,
umerudi Jangwani bila hodi,
na magodoro, na mgomba mzima na mkungu wake,
na jokofu linaloelea mlango wazi
kama mtu anayepiga mwayo.

Trafiki ameweka tawi la mwarobaini katikati ya lami.
Ndilo geti. Ndiyo sheria. Ndiyo serikali yote iliyobaki hapa.
Nyuma yangu foleni imeshona hadi Usalama,
hadi Mwembechai, hadi sijui wapi;
honi zimechoka, sasa zinapigwa kwa adabu, mojamoja.
Mwendokasi manne yamezima kwenye njia yao ya peke yao:
kasi imekwenda, mwendo umekwenda,
imebaki bluu.

Simu.
Mama Kokusima wa Upanga, ghorofa ya tatu,
bomba lake leo siku ya sita linakohoa hewa.
Mvua ikizidi, kaambiwa, mitambo hunywa tope, huzimwa.
— Baba Boza, umefika wapi?
— Niko kwenye maji, mama.
— Najua una maji. Nimekuuliza uko wapi.
Kibwana, utingo wangu, kacheka hadi kajigonga kwenye kioo.

Saa kumi na mbili maji yakashuka, kiunoni, halafu magotini,
na waliochoka kusubiri upande wa Fire wakaanza kuja.
Wenye hela mgongoni mwa vijana, elfu mbili,
mnene elfu tatu, na ubishi juu ya nani mnene.
Wengine kwa miguu yao, viatu mkononi,
wakipapasa lami kwa vidole kama wanaotafuta swichi gizani.

Wa kwanza kutufikia alikuwa nesi,
sare nyeupe juu, tope chini,
kama aliyeshonwa kwa vitambaa viwili.
— Kaka, hayo yanauzwa?
— Yana mwenyewe.
— Nisaidie ya miguu tu.

Nikafungua koki. Kidogo.

Sitadanganya: kumi wa mwanzo tuliwatoza miambili miambili,
kisha chenji ikatushinda,
kisha aibu.
Ikajipanga foleni nyingine, ya miguu,
na katika jiji zima jioni ile
ndiyo pekee iliyosogea.

Nimeona miguu.
Ya karani wa benki, laini, haijawahi kugusa ardhi.
Ya mbeba zege, imepasuka kama ukuta wa chumvi.
Ya msichana mwenye kucha nyekundu kushoto,
kulia tupu. Maji yaliingia saluni katikati ya kazi.
Fundi cherehani, futi bado shingoni,
amejitwika gauni la harusi ndani ya mfuko wa saruji;
alinawa mguu mmoja, akasita,
akanawa mikono kwanza, akaligusa gauni,
kavu,
ndipo akanawa wa pili.

Hakuna aliyesema mengi. Wengine walisema "Mungu akulipe"
na nikawaza, Mungu na Mama Kokusima,
nani ataanza.

Saa mbili na nusu Kibwana akapanda,
akalibisha hodi tangi kwa ngumi, juu, chini, juu,
kama daktari na kifua.
Akashuka kimya.
Simu ikaita.
— Umefika wapi sasa?
Nikatazama tangi. Nikatazama barabara.
— Nusu, nikamwambia.

Trafiki akaja, akaliburuta tawi pembeni.
Nikawasha.
Hakunipisha. Alisimama palepale mbele ya taa,
mtu mzima, filimbi mdomoni,
anavua buti.