Mnoa Visu wa Vale de Cardos

Kwetu Vale de Cardos hata mbwa huijua filimbi ile:
mianzi saba, pumzi moja, kutoka juu hadi chini,
kama mtu anayeteremka ngazi bila haraka.
Utotoni tuliighani, migongo ukutani mwa kiwanda cha sufu:

    Filimbi ikisikika,
    mlango ukafungika,
    mnoa visu kafika,
    damu jiweni yawaka.

Alimchinja Zulmira, binti wa mwoka mikate,
usiku wa kuamkia Mtakatifu Martino.
Akamkata vipande, akavifunga kwa sufu, akavitupa mtoni.
Wengine husema sita. Wengine, kumi na viwili.
Mjomba Belarmino, akishalewa, hufikisha ishirini.

Nikamuuliza nyanya Adosinda: ni kweli?
Alikuwa akimenya viazi.
"Lisemwalo lipo," akasema.
Na kama halipo?
Akanyamaza. Ganda likaendelea kurefuka,
jembamba, bila kukatika.

Nimerudi nikiwa na mvi zangu mwenyewe.
Kasisi mpya, kijana mgeni asiye na ukoo hapa,
amenipa ufunguo wa kabati bila kuuliza wa nini.
Nta, vumbi, mavi ya panya.
Nimeupekua mwaka wa thelathini na nne jani kwa jani.

Zulmira yumo katika ubatizo.
Katika vifo, hayumo.
Nikarudia kwa kidole, kama mtoto ajifunzaye kusoma:
kichanga cha siku tatu, homa.
Mjane, uzee.
Mfumaji, mkono ulionaswa na mashine.
Kisha, tarehe kumi na tatu Novemba,
wino umefifia kuliko mistari mingine yote:

Mwanamume. Jina halijulikani. Mgalisia.
Kazi: kunoa visu. Amekutwa chini ya daraja.
Sababu ya kifo:

na baada ya nukta mbili hizo, hakuna kitu.
Kasisi wa zamani aliacha nafasi ya upana wa kidole.
Nimeweka changu. Kimeenea.

Basi muuaji wetu ndiye maiti wetu.
Na maiti wetu je?

Katika bati la biskuti la nyanya,
chini ya vifungo na meno ya maziwa ya mama yangu,
kadi ya posta kutoka Lyon, mwaka wa hamsini na moja.
Mume wangu ni fundi wa reli. Tuna wana watatu.
Mkate wa huku haunishibishi. Usimwambie baba. Z.

Alijua. Alimenya viazi huku akijua.

Penye wengi pana mengi,
na wale walikuwa wengi, wana mienge,
wana divai mpya ya Martino vichwani,
na kitanda cha msichana kimekutwa baridi.
Nani alimshika, nani alisukuma, sina majina.
Ninalo jambo moja tu: babu alikuwa na miaka ishirini na mitano,
na tangu majira yale hakuvuka daraja tena.
Alizunguka kilomita mbili kwenda kazini,
mvua, theluji, miaka thelathini na minane,
na sisi tulidhani anapenda kutembea.

Mkasi wa nyanya upo hapa mezani.
Ulinolewa mara moja, alisema, kabla hajaolewa.
Hakusema na nani.
Bado unapita katika sufu kama katika maji.

Nje watoto wanaghani. Nikafungua dirisha.
Mmoja, amevunjika jino la mbele, akaniuliza:
"Shangazi, ni kweli vilikuwa vipande ishirini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno. Tarehe, kadi, ukurasa.
Nikasema: Alikuwa na filimbi.
Aliipiga kutoka juu hadi chini.

"Halafu?"

Halafu watu wakafunga milango.