Doa Moja

Masika yamekwisha, ila Mombasa haijaamini bado.
Matope ya Makupa yameganda juu tu, kama uji uliopoa,
nami natoka zamu ya usiku Kilindini
macho yamejaa namba za makontena.
Napita nyuma ya reli, pale uzio ulipolala,
penye kile kichaka cha maua ya rangi mbili
ambacho marehemu mama alikiita mharibifu wa shamba.

Mbodze ananingoja na sare yake ya shule,
soksi moja juu, moja chini.
Ana dakika ishirini kabla ya kengele.
"Mjomba, umechelewa. Wameshaamka."

Kiswahili kimetupa neno moja kwa wote: kipepeo.
Samaki tumewapa majina, changu, tafi, kolekole, pono,
hata dagaa ana ukoo wake.
Hawa, kwa kuwa hawaliwi,
tumewaacha bila vitambulisho.

Basi tukawapa wenyewe.
Mweusi mwenye madoa ya manjano, atagaye kwenye mdimu wa Bi Rukiya,
ambaye mwanawe hujifanya kinyesi cha ndege apate kuishi:
Mwana wa Ndimu.
Mweupe asiyetua, apitaye kama karatasi iliyomponyoka mtu dukani:
Risiti.
Wa buluu, mdogo kuliko ukucha, kwenye nyasi za mataruma:
Kifungo.
Na yule wa rangi ya hina,
ncha za mbawa nyeusi, vitone vya chokaa,
arukaye taratibu kwa kuwa ndege wamekwisha kumwonja
na wanajua ni mchungu:
huyo Bi Harusi.

Nina daftari. Kazini naandika muhuri, uzito, bandari litokako,
na kosa moja husimamisha winchi.
Hapa pia naandika: tarehe, saa, mawingu, idadi.
Bi Harusi, watano. Bi Harusi, watatu.
Bi Harusi, kumi na mmoja, jua kali.
Miaka miwili. Mia nne na ushei.
Sikumwambia mtu bandarini, lakini nilijivuna.

Jumanne ile Mbodze alilala kifudifudi juu ya kokoto.
"Huyu ana doa moja."
"Doa gani?"
"Bawa la nyuma. Wengine wana matatu, manne, katikati.
Huyu ana moja, huku ukingoni."
Nikasema ni uchafu. Nikasema atachafua sare.
Akanitazama kama mamake anavyonitazama
nikimwambia nimeacha sigara.

Kisha likaja dume, jeusi tii,
mwezi mweupe katika kila bawa, ukingo wa zambarau.
Likamzunguka huyo wa doa moja, likamzunguka tena,
halikumjali Bi Harusi wa kweli aliyetua hatua mbili kando.
Dume lilijua. Mtoto alijua.
Karani ndiye hakujua.

Si mchungu hata kidogo, huyu.
Amevaa tu uchungu wa mwenzake.
Ameazima leso ya jirani, akatoka nayo mchana kweupe,
akampita kunguru, akanipita mimi na kalamu yangu.
Tukampa jina la kuandikwa pindoni:
Si Mimi.

Kengele ikalia. Mbodze akatimua mbio,
soksi zote mbili chini sasa.

Nikabaki na daftari.
Mia nne na ushei, wangapi walikuwa wenyewe?
Kontena lenye muhuri wa uongo hurudishwa lilikotoka;
hawa nitawarudisha wapi?
Sikufuta. Nilifungua ukurasa wa kwanza,
na kando ya kila Bi Harusi nikaandika kwa penseli, herufi ndogo,
labda.
Labda watano. Labda watatu.
Labda kumi na mmoja, jua kali
(jua, angalau, nina hakika nalo).

Treni ya mizigo ikapita, kichaka kikatetemeka,
wakaruka wote kwa pamoja, hina tupu hewani,
nami nimesimama na usingizi wangu
nikihesabu madoa,
nikipoteza,
nikianza upya.