Mluzi Ukingoni mwa Shimo la Mungu

Redio mbili za upepo niliziazima ghalani
kwa Chikoyo, mlinzi wa korosho,
kwa sharti nizirudishe na chaji.
Moja nikampa kaka yangu Mahupa,
ambaye tangu malipo ya pili
tunasalimiana kupitia watoto.

Nikamwambia: Shuka. Fuata njia ya wachota maji,
zunguka lile jabali, tokea upande wa pili.
Bonyeza kitufe, usikiachie.
Usiseme neno. Piga mluzi.
"Mluzi gani?"
Mmoja tu. Usiupambe.
Akanitazama kama mtu aliyepewa risiti pungufu,
akashuka.

Kidato cha Nne wamekaa kwenye nyasi zenye umande,
daftari magotini,
saa moja ya mkononi kwa watu thelathini na nane.
Chini yetu Newala inakatika ghafla,
na Ruvuma imejifunika ukungu hadi Msumbiji.

Nawaambia: ndivyo isomwavyo hewa ya Zuhura,
ndivyo isomwavyo ya Mirihi.
Si lazima utumbukize kipimajoto.
Chombo kinapita nyuma ya sayari
na hakisimulii kitu;
kinatoa wimbi moja, limenyooka kama uzi wa mwashi.
Sayari, kabla haijakimeza,
inaushika ule uzi, inaupinda.
Huko kupinda ndiko habari.
Kwanza elektroni, juu kabisa, jua linakochubua gesi:
zinaligusa wimbi kama mtu agusavyo kanga sokoni
asiyokusudia kuinunua.
Kisha hewa yenyewe, nzito, nzito zaidi;
joto lake, mgandamizo wake,
vyote vimo katika kuchelewa kwa wimbi,
katika vipande vya sekunde.
Kisha mwamba.
Kisha kimya.

Saada Likwena ananyoosha mkono:
"Mwalimu, kwa hiyo tunasoma kinachoharibika?"
Sijamjibu. Mluzi umeingia kwenye ukungu.

Sitawadanganya: redio ya ghala si chombo cha angani,
na ukungu huu haupindi kitu
ambacho masikio yangu yangekipima.
Kinachouchuna mluzi ni miti, mawe,
na betri kuukuu ya Chikoyo.
Hata hivyo, kwenye daftari, mistari inashuka,
kila mtoto na mteremko wake.

Dakika ya sita, mikwaruzo.
Dakika ya tisa mluzi umetatuka,
umebaki pumzi,
na hapo nasikia
nisichokisikia katika miezi saba ya maneno:
pumzi ya Mahupa ina kigingi.
Inakwama juu, inarudi
na filimbi nyembamba ndani yake,
ile ile ya baba mwaka wake wa mwisho,
baada ya misimu yote ile ya kupuliza salfa mikoroshoni
bila kitambaa puani.

Laki nne na nusu.
Nilizidai mbele ya shemeji, mbele ya mtendaji wa kijiji.
Akasema amekwenda Ndanda kununua baiskeli.
Nani anakwenda Ndanda kununua baiskeli?
Ndanda watu wanakwenda hospitali.
Nilijua hivyo. Kila mtu hapa anajua hivyo.
Nilikuwa nasikiliza maneno.

Nabonyeza kitufe changu.
Mahupa, simama. Kaa chini. Mahupa.
Lakini aliyeshika kitufe hasikii,
na mimi ndiye niliyemwambia asikiachie.
Anapuliza, mtiifu kama hajawahi kuwa,
anauburuta ule mluzi juu ya mawe,
mpaka jabali linamchukua.

Watoto wameinua vichwa.
Mmoja amecheka, ameacha.
Nawaeleza, kwa sauti ambayo si ya darasani,
kwamba chombo hutokea upande wa pili
na hewa ile ile husomwa upya,
kutoka chini kwenda juu.

"Mwalimu," anasema Saada, macho kwenye saa,
"kimya kimeanza saa mbili na dakika kumi na nne.
Niandike?"

Andika.
Na upande wa kulia
acha nafasi.